Nani Ana Haki ya Kufunga Swali? Mamlaka ya Kanisa Katoliki na Wahakiki wa Maandiko

Katika parokia za Lubumbashi, mazungumzo juu ya Biblia hayachukui muda kugawanyika. Upande mmoja wako wanaosema kwamba wataalamu wa Maandiko, hasa waliosomea Ulaya, wanabomoa imani ya watu wa kawaida kwa maswali yao kuhusu nani aliandika nini na lini. Upande wa pili wako vijana, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, wanaoamini kwamba Roma inaujua ukweli fulani na imeuficha, na kwamba kila mtaalamu aliyeadhibiwa aliadhibiwa kwa sababu alisema kweli. Pande zote mbili zinaisimulia historia ileile, na zote mbili zinaisimulia vibaya, kwa sababu zinachanganya maswali matatu yasiyofanana. Swali la kwanza ni la historia: andiko hili liliandikwa lini, na nani, kwa kutumia vyanzo gani? La pili ni la imani: Kanisa linafundisha nini kutokana na andiko hilo? La tatu ni la madaraka: nani anaweza kusema kwa jina la Kanisa, na nani anaweza kumnyamazisha mwenzake? Ninavyoisoma historia ya miaka mia moja na ishirini iliyopita, majeraha makubwa zaidi yalitokea pale swali la kwanza lilipojibiwa kwa silaha za swali la tatu.

Kuhakiki andiko, kwa maana wanayoitumia wanazuoni, ni kulihoji kama hakimu anavyomhoji shahidi: uliyaona haya mwenyewe au uliambiwa, ulikuwa unazungumza na nani, mbona hapa unasema hivi na pale unasema vile? Hakimu anayehoji hajamwita shahidi mwongo. Anataka kujua ushahidi wake unaweza kubeba uzito gani. Na mahali pa kuhoji hapahitaji kutafutwa kwa darubini. Kumbukumbu la Torati, sura ya 34, inasimulia kifo na maziko ya Musa, kisha inaongeza kwamba hakuna ajuaye kaburi lake hata leo. Mapokeo yalimtaja Musa kuwa mwandishi wa vitabu vitano vya kwanza, lakini maneno hayo yana sauti ya mtu aliyeishi muda mrefu baada yake. Katika Mwanzo sura ya 1, mtu anaumbwa baada ya mimea na wanyama. Katika sura ya 2, anaumbwa kabla ya miti ya bustani na kabla ya wanyama kuletwa mbele yake apate kuwapa majina. Nuhu anaamriwa kuchukua wanyama wawili wawili, na aya chache baadaye anaamriwa kuchukua saba saba kwa wale walio safi.

Padri Mfaransa Richard Simon aliyakusanya mambo ya namna hiyo katika kitabu kuhusu Agano la Kale mwaka 1678. Alikuwa na nia ya kulitetea Kanisa, kwa maana aliwaambia Waprotestanti kwamba Maandiko yenye historia ngumu kiasi hiki hayawezi kusimama bila Mapokeo. Askofu Bossuet hakuingoja hoja hiyo ifike mwisho. Alitumia nguvu ya dola, na nakala zipatazo 1,300 zikaharibiwa. Uhakiki wa Biblia ukahamia katika vyuo vya Waprotestanti wa Ujerumani, ambako ulikua kwa karibu karne mbili huku Wakatoliki wakitazama kwa mbali. Hasara hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini, mlango ulipofunguliwa kidogo mwishoni mwa karne ya 19, mambo yote yalimwagika ndani kwa wakati mmoja.

Papa Leo wa 13 ndiye aliyeufungua. Mwaka 1890 Mdominiko Marie-Joseph Lagrange alianzisha shule ya Biblia mjini Yerusalemu, ili Maandiko yasomwe katika nchi yalikozaliwa, pamoja na lugha zake na magofu yake. Mwaka 1893 Papa alitoa waraka uliowahimiza wasomi wajifunze lugha za kale, ingawa waraka huohuo ulishikilia kwa nguvu kwamba Maandiko hayana kosa lolote. Mwaka 1902 aliunda Tume ya Kipapa ya Biblia. Mwaka huohuo padri Alfred Loisy, ambaye miaka tisa kabla alikuwa ameondolewa katika chuo Katoliki cha Paris, alichapisha kitabu kidogo kiitwacho L'Évangile et l'Église, yaani Injili na Kanisa.

Inafaa kukaa kidogo hapa, kwa kuwa kisa cha Loisy husimuliwa kwa haraka mno. Alikuwa akimjibu Adolf von Harnack, Mprotestanti wa Berlin, aliyedai kwamba kiini cha Ukristo ni Mungu Baba na roho ya mtu mmojammoja, na kwamba Kanisa na mafundisho yake ni ganda lililoota baadaye. Loisy alijibu kwamba Injili isiyo na jumuiya, isiyo na ibada na isiyo na uongozi isingeishi hata kizazi kimoja. Yesu, alisema, alitangaza ufalme, na lililokuja ni Kanisa. Sentensi hiyo hunukuliwa leo kama dhihaka, lakini ndani ya kitabu ilikuwa utetezi. Hata hivyo viongozi wa Kanisa hawakuwa wanapigana na kivuli. Nyuma ya utetezi huo kulikuwa na dai zito: kwamba Yesu hakuacha mpango wa Kanisa kama tulijuavyo, na kwamba mafundisho ya imani yenyewe hubadilika maana kadiri nyakati zinavyobadilika. Loisy mwenyewe aliandika baadaye kwamba wakati huo alikuwa ameshaacha kuamini sehemu kubwa ya yale Kanisa linayoyafundisha. Maswali mawili ya kwanza yalikuwa yamefumwa pamoja mkononi mwake, na kazi ya hekima ingekuwa kuyafumua.

Kilichofuata hakikuwa kazi ya kufumua. Chini ya Papa Pio wa 10, vitabu vitano vya Loisy viliingizwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mnamo Desemba 1903. Julai 1907 Ofisi Takatifu, ofisi ya Roma inayolinda mafundisho, ilitoa hati iliyolaani kauli 65, na Septemba mwaka huohuo ukatoka waraka wa Pascendi, ulioyaweka mawazo ya watu mbalimbali ndani ya mfumo mmoja, ukauita umodenisti, na kuueleza kuwa ni mkusanyiko wa uzushi wote. Wengi wa waliolengwa hawakuwa wamewahi kuuona mfumo huo ukiwa mzima namna hiyo. Waraka uliamuru kila jimbo liwe na baraza la kulinda mafundisho na kwamba walimu wenye mwelekeo huo waondolewe seminarini. Machi 1908 Loisy alitengwa na Kanisa. Padri George Tyrrell wa Uingereza, ambaye alikuwa ameshafukuzwa na Wajesuiti, alikufa mwaka 1909 na kunyimwa maziko ya Kikatoliki. Monsinyori Umberto Benigni alijenga mtandao wa siri wa kuwachunguza mapadri, maprofesa na hata maaskofu, uliodumu hadi ulipovunjwa mwaka 1921. Na tangu Septemba 1910 kiapo cha kupinga umodenisti kilidaiwa kwa kila aliyepanda daraja takatifu na kwa kila aliyefundisha seminarini, hadi mwaka 1967. Mapadri waliowekewa mikono hapa kwetu Katanga katika miaka hiyo, Wazungu kwa Waafrika, walikiapa. Habari hii ya Paris na Roma, kwa hiyo, ni sehemu ya malezi ya wale waliotubatiza na waliowabatiza wazazi wetu.

Katikati ya dhoruba hiyo Tume ya Biblia, iliyoundwa ili kusaidia utafiti, iligeuzwa kuwa mahakama. Mwaka 1906 ilitamka kwamba hoja zilizopo hazitoshi kumnyima Musa uandishi wa vitabu vitano, ingawa iliruhusu kwamba huenda alitumia vyanzo na makarani. Mwaka 1908 ilitamka juu ya umoja wa kitabu cha Isaya. Mwaka 1909 juu ya sura tatu za mwanzo za Mwanzo. Mwaka 1911 ilisema Mathayo aliandika kwanza. Mwaka 1912 ikakataa nadharia kwamba Mathayo na Luka walitumia Injili ya Marko pamoja na mkusanyiko mwingine wa maneno ya Yesu. Papa alikuwa ameshatangaza mwaka 1907 kwamba maamuzi ya Tume hiyo yanazifunga dhamiri. Maswali haya ni ya historia, na kila moja lingeweza kupimwa kwa kulinganisha maneno na mtindo, bila hofu, kwa miaka mingi. Badala yake yalifungwa kwa amri.

Nawataja wawili walioumizwa na amri hizo bila kuwa wazushi. Wa kwanza ni Lagrange, ambaye vitabu vyake kadhaa vilipigwa marufuku seminarini mwaka 1912. Aliondoka Yerusalemu kwa muda, akatii, akarudi mwaka 1913, akaendelea na kazi hadi kifo chake mwaka 1938, na ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo haukupata ruhusa ya kuchapishwa. Wa pili ni Friedrich Wilhelm Maier, mwalimu kijana wa Ujerumani aliyekubali kwamba Marko ndiye aliyetangulia. Mwaka 1912 ufafanuzi wake uliondolewa na njia yake ya kufundisha ikakatika. Alitumika kama padri wa jeshi na wa magereza kabla ya kupata tena nafasi ya chuo katika miaka ya 1920. Baada ya vita vya pili vya dunia alifundisha Munich, na mmoja wa wanafunzi waliomsikiliza alikuwa Joseph Ratzinger. Mwaka 2003, Tume ya Biblia ilipoadhimisha miaka mia moja, Ratzinger, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa ofisi ileile inayolinda mafundisho na miaka miwili tu mbali na upapa, alimkumbuka mwalimu wake hadharani. Alieleza kwamba maamuzi yale yalikuwa yamepanua mno eneo la mambo ambayo imani inaweza kuyathibitisha, kwamba heshima ya mamlaka ya kufundisha ilipungua kwa sababu hiyo, na kwamba utafiti ulinyimwa nafasi uliyoihitaji. Sijui ungamo jingine la kiongozi wa ngazi hiyo linalogusa kiini cha jambo hili kwa usahihi kama huo.

Mageuzi yalikuja taratibu. Septemba 1943, vita vikiwa vimewaka, Papa Pio wa 12 alitoa waraka wa Divino afflante Spiritu, uliowaagiza wafafanuzi warudi kwenye Kiebrania na Kigiriki, watafute aina ya uandishi ambayo kila mwandishi mtakatifu aliitumia, na wakumbuke kwamba ni machache tu kati ya maelfu ya maneno ya Biblia ambayo Kanisa limeyatolea maana rasmi. Mwaka 1948 Tume ya Biblia iliandika barua kwa Kardinali Suhard wa Paris iliyolegeza msimamo juu ya vitabu vya Musa. Mwaka 1955 katibu wa Tume hiyo alieleza kwamba wataalamu wana uhuru kamili kuhusu maamuzi yale ya zamani, isipokuwa yanapogusa imani na maadili. Hayakufutwa kwa tamko la wazi. Yaliachwa tu yazeeke. Hapo ndipo ninapoliona kosa la pili, ambalo linawaponza vijana wetu mpaka leo: taasisi inayobadili msimamo bila kukiri kwamba imeubadili huwafundisha watu wake kutafuta siri mahali pasipo na siri.

Wala njia haikunyooka. Mwaka 1950 Mjesuiti Henri de Lubac alizuiwa kufundisha Lyon, na mwaka 1954 Mdominiko Yves Congar akaondolewa katika chuo chake Ufaransa. Wote wawili waliitwa tena kuandaa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, na wote wawili walikufa wakiwa makardinali. Mwaka 1962, Mtaguso ukiwa umekaribia, maprofesa wawili wa Taasisi ya Biblia ya Roma walizuiwa kufundisha. Walirudishwa mwaka 1964. Tarehe 20 Novemba 1962 mababa wa Mtaguso walipigia kura rasimu juu ya vyanzo vya ufunuo, iliyokuwa imeandikwa kwa roho ya zamani. Waliotaka mjadala wa rasimu hiyo usimamishwe walikuwa 1,368, waliokataa 822, na theluthi mbili zilizohitajika hazikutimia. Kesho yake Papa Yohane wa 23 aliiondoa rasimu kwa uamuzi wake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye Hati ya Ufunuo, Dei Verbum, ilipita kwa kura 2,344 dhidi ya 6. Ibara yake ya 12 inamtaka mfafanuzi atafute nia ya mwandishi kwa kuangalia aina za uandishi, na ibara ya 10 inasema kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia.

Sasa turudi Katanga, kwa sababu ugomvi huu ulikuwa na sura yake hapa, na sura hiyo haikuanza na Biblia. Mwaka 1945, mjini Élisabethville, jina la Lubumbashi la wakati huo, jarida la Lovania lilichapisha kwa Kifaransa kitabu cha Mfransisko Placide Tempels kuhusu falsafa ya Kibantu. Tempels alikuwa amefika Kongo mwaka 1933 na kuishi kati ya Baluba. Alidai kwamba watu aliotumwa kuwafundisha walikuwa tayari na hekima iliyopangika juu ya uhai na nguvu ya uzima, na kwamba mmisionari asiyeielewa hekima hiyo anahubiri hewani. Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa Kanisa la Katanga ya kusini na rafiki mkubwa wa utaratibu wa kikoloni, alikipinga kitabu hicho kwa nguvu zote. Tempels alijikuta Ubelgiji tangu mwaka 1946 hadi 1949, bila ruhusa ya kurudi.

Aliporudi, alianza kazi ambayo wazee wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaikumbuka vizuri kuliko kitabu. Kuanzia mwaka 1953, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, ilizaliwa Jamaa: mababa na mama waliokutana, wakafundishana kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo, na kuwa wazazi wa kiroho wa wenzao. Mafundisho yalipita mdomoni, kutoka nyumba hadi nyumba, na mafanikio hayo ndiyo yaliyowatia maaskofu wasiwasi, kwa kuwa swali la tatu lilikuwa limeulizwa na watu wa migodini: nani anafundisha hapa, padri au mzazi wa kiroho? Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, hakurejea tena, akafariki mwaka 1977.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kina funzo ambalo kisa cha Loisy hakina. Kitabu cha Tempels kilikuwa na udhaifu wa kweli. Kiliwazungumzia Wabantu wote kana kwamba wana akili moja, kikamweka Mzungu kuwa ndiye atakayewaeleza Waafrika wanachofikiri. Makosa hayo hayakufichuliwa na waliotaka kitabu kinyamazishwe, ambao shida yao ilikuwa kwamba kinawapa Waafrika heshima kupita kiasi. Yalifichuliwa na wasomi, hasa na Fabien Eboussi Boulaga, Mkameruni aliyekuwa wakati huo Mjesuiti, katika makala kali ya mwaka 1968. Alikisoma kitabu mstari kwa mstari, akaonyesha hoja zinapoteleza, na kila mtu aliweza kupima ushahidi wake. Marufuku ingetuachia Tempels shujaa asiyejadiliwa. Uhakiki ulituachia Tempels tunayeweza kumsoma kwa shukrani na kwa tahadhari.

Jambo linalokaribiana na hilo lilitokea Lovanium, chuo kikuu Katoliki cha Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mwezi Januari 1960, mkuu wa kitivo cha teolojia, Alfred Vanneste, alijadiliana hadharani na mwanafunzi wake, padri kijana Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi hapa jirani. Tshibangu alitetea uwezekano wa teolojia yenye sura ya Kiafrika. Vanneste alijibu kwamba teolojia ni elimu, na elimu ni ya watu wote, kwa hiyo Afrika ifanye kwanza teolojia iliyo bora kabla ya kuipa rangi. Mkuu wa kitivo angeweza kuumaliza mjadala kwa cheo chake. Aliumaliza kwa hoja, mabishano yao yakachapishwa, na watu wanayasoma hadi leo. Tshibangu alihudhuria Mtaguso kama mtaalamu, akawa askofu msaidizi wa Kinshasa, kisha askofu wa Mbujimayi hadi mwaka 2009, na alifariki mwaka 2021.

Baada ya Mtaguso ugomvi ulihama. Leo hakuna padri anayeadhibiwa kwa kusema kwamba vitabu vya Musa vina vyanzo kadhaa. Jambo hilo hufundishwa seminarini mwaka wa kwanza wa Maandiko. Maswali makali sasa ni ya aina ya pili na ya tatu, na mfano unaojulikana zaidi ni Hans Küng, profesa wa Tübingen, aliyetilia shaka mwaka 1970 fundisho la kutokukosea kwa Papa, lililotangazwa mwaka 1870. Desemba 1979 aliondolewa ruhusa ya kufundisha kama mwanateolojia Mkatoliki, ingawa alibaki padri na chuo kikuu chake kilimpa nafasi nje ya kitivo cha Kikatoliki. Wanaomweka Küng na Lagrange katika kapu moja wanakosea. Lagrange aliuliza kilichotokea zamani. Küng alipinga fundisho ambalo Kanisa limelifunga rasmi, na Kanisa, kama jumuiya yoyote yenye imani inayotajika, lina haki ya kusema kwamba mwalimu fulani hafundishi tena kwa jina lake. Kinachobishaniwa kwa haki ni utaratibu: je, mshtakiwa alisikilizwa, alimjua mshtaki wake, aliona hati za kesi? Malalamiko ya namna hiyo yalirudiwa kwa miongo, na mwaka 1997 kanuni za uchunguzi wa mafundisho zikaandikwa upya.

Msomaji anayetaka kuyaelewa mambo haya anahitaji kujua pia kwamba si kila neno linalotoka Roma lina uzito mmoja. Yako mafundisho yaliyofunuliwa na kutangazwa rasmi, ambayo Mkatoliki anayashika kwa imani. Yako yanayofundishwa kuwa ya kudumu kwa sababu yameungana na ufunuo. Yako mafundisho ya kawaida, yanayodai utii wa akili na nia lakini hayajafungwa moja kwa moja. Na ziko tahadhari za wakati fulani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 749, inasema wazi kwamba fundisho lisihesabiwe kuwa limetangazwa bila uwezekano wa kosa isipokuwa jambo hilo liwe limethibitika dhahiri. Na kanuni ya 218 inawapa wanaosomea elimu takatifu uhuru wa haki wa kutafiti na wa kusema kwa busara. Mwaka 1990, akiitambulisha hati kuhusu wito wa mwanateolojia, Ratzinger aliyaweka maamuzi ya Tume ya Biblia ya mwanzo wa karne katika kundi la mwisho: yalikuwa mipango ya muda, yenye sababu zake wakati ule, na yaliyopitwa katika vipengele vyake. Shida ni kwamba aliyepokea amri ya mwaka 1912 hakuambiwa kwamba ni ya muda.

Wasomi nao wana imani zao za muda wanazozifanya za milele. Katika karne ya 19 Ferdinand Christian Baur aliiweka Injili ya Yohane karibu na mwaka 170, mbali kabisa na mashahidi wa kwanza, na wafuasi wake waliirudia tarehe hiyo kwa uhakika mkubwa. Mwaka 1935 kilichapishwa kipande cha mafunjo kutoka Misri, kidogo kuliko kiganja, chenye mistari michache ya Yohane sura ya 18, ambacho mchapishaji wake alikiweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 2. Leo wapo wanaopendelea kukipa muda mpana zaidi, lakini tarehe ya Baur haina mtetezi wa maana. Askofu aliyekataa kuiingiza tarehe hiyo katika katekisimu alikuwa na busara. Nadharia ya chuo haipaswi kuwa mzigo wa muumini kabla haijapimwa. Lakini kilichoiangusha ni kipande cha mafunjo, na kisingetambuliwa na mtu ambaye hajafundishwa kusoma mwandiko wa Kigiriki cha kale.

Katika Lubumbashi ya leo, kwa maoni yangu, tatizo limekaa mahali ambapo wala Pio wa 10 wala Loisy hawakulitarajia. Askofu na profesa hawagombani. Wote wawili walisoma Dei Verbum seminarini. Elimu hiyo ndiyo inayokwama njiani. Mkristo anayetoka Misa hupita mbele ya makanisa ya uamsho ambako kila aya husomwa kana kwamba iliandikwa jana kwa ajili ya jirani yake mchawi, na mara nyingi hana jibu, kwa sababu katekesi yake ilikomea kwenye kipaimara. Tume ya Biblia, katika hati yake ya mwaka 1993, iliupokea uhakiki wa kihistoria kuwa njia isiyoepukika, ikapima pia mapungufu yake, na ilitumia maneno makali zaidi dhidi ya usomaji wa neno kwa neno usiojali historia, ikisema kwamba unawaalika watu kuiua akili yao wenyewe. Hati hiyo inajulikana na mapadri. Katika jumuiya ndogondogo haijulikani.

Shule ya Lagrange iliyoshukiwa mwaka 1912 ndiyo iliyotoa, mwaka 1956, Biblia ya Yerusalemu katika juzuu moja kwa Kifaransa, na utangulizi wake unaeleza kwa utulivu yaleyale yaliyokuwa yamekatazwa: vyanzo vya vitabu vya Musa, mikono zaidi ya mmoja katika Isaya, Injili ya Marko mbele ya wenzake. Inapatikana katika nyumba za mapadri wengi wa mji huu. Biblia zenye maelezo zipo kwa Kiswahili pia, lakini ni nene, bei yake ni kubwa kwa familia ya mitaa ya Katuba au Kenya hapa mjini, na nyingi ninazoziona mikononi mwa watu Jumapili hazina hata mstari mmoja wa ufafanuzi. Ibara ya 25 ya Dei Verbum inawataka maaskofu wawape waumini tafsiri za Biblia zenye maelezo ya lazima na ya kutosha. Kwa sehemu kubwa ya Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili hapa, agizo hilo la mwaka 1965 bado halijatekelezwa.